Pembe ya Wapi?

Jumatatu, 17 Februari 2025, Buyenzi

Daftari hili nililinunua la kuandikia vipimo. Vipimo vitasubiri, leo naandika hasira.

Injinia Gélase, anayesimamia kazi yangu ya kumalizia masomo, amenirudishia karatasi zangu mbele ya darasa zima, amezishika kwa vidole viwili kama mtu aliyeokota soksi ya mwenzake. Swali langu ni hili, na naliandika wazi ili hata nikiwa bibi kizee nilielewe. Ndege ya helisi, ile propela yenye mapanga, imetua mahali pasipo na msaada, na demarere yake, yaani kile kimota cha kuwashia injini, imekufa. Je, upepo unaweza kuizungusha helisi mpaka injini iwake? Na mapanga ya helisi yageuzwe pembe gani ili upepo uyashike?

Silabasi ya Injinia, kitabu chake cha kufundishia, ukurasa wa 31, inasema pembe sifuri. Yaani mapanga yalale bapa, yaupokee upepo kwa uso wote. Kwa demarere ni sawa, maana panga lililolala bapa linaikata hewa bila ubishi na kimota hakichoki. Lakini upepo si demarere. Ukimsukuma mtu kifuani humzungushi, unamwangusha chali. Nikasema hivyo. Darasa likacheka, na Loïc, jirani yangu wa benchi, akacheka kuliko wote.

"Mademoiselle Houda," Injinia akasema, "iyi silabasi iko na miaka makumi mbili. Watu wangapi wamepita nayo? Njo we utaikosoa?"

"Ndiyo, Injinia. Pale ku ukurasa wa 31 ilikosea."

"Bon. Kopia ile tableau, andika conclusion, upate diplome yako. Ao uniletee uo upepo wako apa, niuone."

"Nitauleta."

Mdomo huponza kichwa. Asiposaini, sitetei kazi yangu mbele ya majaji, na miaka minne yote inakwenda na maji. Lakini kunakili jedwali la uongo kwa mwandiko mzuri siwezi. Sitaki.

Jumatano, 19 Februari

Nimemweleza Baba. Baba ni Shakuru, fundi wa malori hapa avenue ya tisa, na hakuna kitu cha chuma duniani anachokiogopa. Nikamwambia nataka kuunda helisi ambayo mapanga yake yanageuzwa pembe.

"Pembe?" Akacheka, akanionyesha pembe za ng'ombe zilizo juu ya mlango wa gereji, ndefu kama mkono wa mtu, alizopewa na mteja wa kutoka mji wa Ngozi. Ndizo anazotundikia mikanda ya injini. "Si izi apa? Chukua."

Nilinuna. Yeye akaendelea kucheka peke yake mpaka adhana ya magharibi.

Jumapili, 23 Februari

Mashine yetu imesimama. Mapanga manne ya bati la pipa, Baba ameyapinda kwa nyundo kama nilivyomwonyesha kwenye picha, kwa sababu panga la ndege halinyooki kama rula. Nyuma yake kuna gurudumu zito la injini ya lori, badala ya injini, na kwenye ukingo wa gurudumu tumefunga dinamo ya baiskeli na taa yake. Taa ikiwaka, mwendo umefika pale ambapo injini ya kweli ingepewa mafuta na moto, iwake yenyewe. Kubadilisha pembe tumeweka mkono wa breki ya baiskeli na waya wake. Ukivuta, mapanga yote manne yanageuka pamoja.

Baba ameizunguka mara tatu, hakushika nyundo. Kwa Baba hiyo ni sifa.

Alhamisi, 27 Februari

Upepo ulikuwa utoke kwenye feni ya lori. Mazutu, dizeli ya malori, hakuna. Baba ana malori saba gerejini na hata moja haliwezi kunguruma, na foleni ya kituo imefika kona ya pili tangu Jumatatu. Loïc amenitumia ujumbe: "Kopia tu, dada." Yeye alishanakili ya kwake wiki iliyopita, akalala usingizi mzuri.

Sawa. Mazutu hayapo, lakini ni msimu wa mvua, na hapa kwetu mvua haiji bila kutanguliza upepo. Shangazi Fatouma anakaa Gasenyi, kule mji unapoishia, ua wake uko wazi mbele ya ziwa lote. Kesho waendesha baiskeli wawili wa mizigo watanipelekea mashine yangu. Nimeitwa mkaidi mara mbili leo, na bado ni asubuhi.

Jumapili, 2 Machi

Tumeanza kufunga. Gasenyi. Hakuna upepo.

Jumatatu, 3 Machi

Hakuna upepo. Shangazi ananiuliza kama namngoja mchumba.

Jumatano, 5 Machi

Umekuja! Saa tisa mchana milima ya Kongo ilipotea, ziwa likawa jeusi, na kabla ya tone la kwanza upepo ukapanda ua wa Shangazi ukiangusha sahani. Nilikuwa nimeweka mapanga pembe sifuri, kwa macho tu, kama silabasi inavyotaka. Yalitetemeka. Mashine nzima ikarudi nyuma hatua moja kwenye udongo. Helisi haikuzunguka hata robo. Dakika sita za upepo, kisha mvua ikanilowesha, nami nikacheka kwa sauti na kiu yangu ya mfungo. Ukurasa wa 31, nimekuona.

Ijumaa, 7 Machi

Mvua bila upepo. Siku imepotea.

Jumatatu, 10 Machi

Pembe tisini, nayo kwa macho. Mapanga yamesimama kama visu, upepo unapita kando bila kuyagusa. Wafaransa husema helisi imewekwa bendera. Haikuzunguka. Nilitarajia.

Ijumaa, 14 Machi

Siku tano, pepo nne. Nina vikombe vya plastiki vinavyozunguka na kunihesabia nguvu ya upepo, ili nisilinganishe dhoruba na pumzi ya mtoto. Sasa napima kwa kipimapembe. Pembe thelathini, helisi inasitasita. Hamsini, inaanza. Sabini, inaondoka mara moja, na nikivuta ule mkono wa breki polepole ili kupunguza pembe ikishashika mwendo, inaimba. Leo taa ya baiskeli imewaka. Shangazi akapiga vigelegele kabla hajajua anashangilia nini.

Pembe ya kuanzia ni sabini. Nimeiandika kwa wino.

Jumanne, 18 Machi

Sijui nianzie wapi. Nianze na aibu.

Nilimpelekea Injinia majedwali yangu. Alimwita Loïc, na Loïc, ambaye mjomba wake aliwahi kufanya kazi kwenye ndege za mizigo, akatoa nakala ya ukurasa mmoja wa kitabu cha ndege ya zamani. Alikuwa ameitafuta kwa ajili yangu, anasema, kunisaidia. Ukurasa huo unaeleza hasa kuwasha injini kwa upepo. Una pembe ya kuanzia. Si sifuri, hapo silabasi imeanguka. Lakini si sabini pia. Ni arobaini na tano.

"Ona," Injinia akasema, na safari hii hakucheka, jambo lililoniuma zaidi. "Mi nimekosea, sawa. Na we umekosea. Sasa tofauti yetu ni nini? Mi nilikosea bila kulowa."

Nilijibu kwamba mimi nimepima. Akajibu kwamba kupima vibaya ni kubaya kuliko kutopima, kwa sababu kunakupa kiburi. Digrii ishirini na tano si kuteleza kwa kidole. Hewa haiwezi kuwa na sheria moja Gasenyi na nyingine kwenye kitabu.

Akasogeza jedwali lake mbele yangu. Nakili, saini, maliza. Alisema kwa upole, na kwa mara ya kwanza nikamwona ni mtu aliyechoka, wala si adui. Akaniambia alipoandika silabasi ile hakuwa na injini hata moja ya kuonyesha, alikuwa na daftari zake za uanafunzi na chaki. Aliomba mtambo wa upepo miaka kumi. Kisha akaacha kuomba.

Nilishika kalamu. Naandika hili ili nisije kujidanganya baadaye, kalamu niliishika. Kisha nikaiweka mezani, nikatoka.

Jumamosi, 22 Machi

Sikwenda Gasenyi. Upepo ulipiga sana, nikausikia kwenye mabati, nikageukia ukutani.

Jumatano, 26 Machi

Baada ya futari tulikuwa tumekaa gerejini, Baba na mimi, uji na mandazi juu ya boneti. Hajaniuliza lolote wiki nzima. Leo akauliza.

"Ile kazi yako ilitoa nini?"

"Pembe sabini, Baba. Lakini kitabu kinasema arobaini na tano."

"Pembe ya wapi?"

"Ya panga, Baba. Pembe ya panga."

"Nimesikia. Minakuuliza, ya wapi?"

Nikafikiri ananitania tena. Alinyanyuka, akaondoa mikanda yote kwenye zile pembe za ng'ombe, akazishusha na kunipa moja mikononi.

"Iyi pembe inaelekea wapi?"

"Kando."

"Apa ku shina, ndiyo, kando. Na ku ncha?"

Nikaangalia. "Juu."

"Sasa mutu akikuambia pembe ya ngombe inaelekea kando, alidanganya?"

"Apana."

"Akisema inaelekea juu?"

Nilikuwa nimeshika pembe ile kama mtu aliyeshika nyoka. Panga langu limepindwa. Baba mwenyewe alilipinda kwa nyundo, mimi nikimshikia bati. Shinani limesimama, nchani limelala, na katikati kila sehemu ina pembe yake. Na mimi, mtoto wa gereji, nilipima pale tunapopima kila kitu huku Buyenzi, kwenye shina, karibu na bolti, kwa sababu pale ndipo kipimapembe kinapokaa bila kuteleza.

Nilikimbia kutafuta nakala ya Loïc. Kwenye mchoro wake kuna mstari mwembamba unaolikata panga, si shinani, ni robo tatu ya urefu wake kuelekea ncha. Mstari huo nilikuwa nimedhani ni mkunjo wa karatasi.

Baba akatundika pembe zake, akarudisha mikanda mmoja mmoja. "We ulisema pembe, mi nikasema ngombe, ukakasirika," akasema. "Unaona sasa."

Nimelia kidogo. Kwa furaha na kwa hasira, sikuzitenganisha.

Jumatatu, 31 Machi, Idd

Nguo mpya, pilau, kisha Gasenyi. Shangazi amenigombeza kwamba hata siku ya Idd nina grisi mikononi. Nimechora alama ya chaki kwenye robo tatu ya kila panga. Loïc amekuja, hakualikwa. Amesema atahesabu vikombe vya upepo kama namkubali. Nimemkubali, ila nimemwambia asicheke.

Jumatano, 9 Aprili

Pepo saba. Pale shinani penye sabini, kwenye alama ya chaki ni arobaini na sita. Kitabu kinasema arobaini na tano. Digrii moja iliyobaki naibeba mimi, kipimapembe changu ni cha shule ya msingi.

Jumatatu, 14 Aprili

Kazi yangu imechapwa. Ukurasa wa 12 unaonyesha kosa la silabasi, na sababu yake, kwamba pembe ya demarere ilichukuliwa kuwa ya upepo. Ukurasa wa 13 unaonyesha kosa la Houda, binti Shakuru, na sababu yake. Injinia amesoma yote. Amesaini nitetee, akasema, "Ile ya 12, tutaongea."

Hatutaongea.

Alhamisi, 24 Aprili

Leo nimetetea. Naandika kila kitu.

Mashine tuliiweka uwanjani mwa chuo, Rohero, kati ya magari ya walimu. Majaji walikuwa watatu. Injinia, mwalimu wa hesabu aliyetazama saa muda wote, na Mama Consolate wa Ngagara, mama wa makamo aliyetengeneza injini za ndege maisha yake yote, mwenye vidole vyenye makovu kama vya Baba. Baba mwenyewe alisimama nyuma na kanzu yake ya Idd, akinitazama mimi tu.

Mama Consolate alianza kabla sijamaliza salamu.

"Izi ndege ndogo zenye zinatuaka apa, na zenyewe upepo utaziwasha?"

"Apana, Madame. Mule helisi na injini aziko ku chuma kimoja. Helisi itazunguka yenyewe, injini ibaki imelala. Mi nasemea zile zenye kila kitu kimeshikana."

"Ego," akasema, ndiyo ya Kirundi, akaandika kitu.

Saa nane wingu lilitoka ziwani. Injinia akasogea kwenye mashine, akaweka mapanga sifuri kwa mkono wake mwenyewe. "Nataka nione," akasema. Upepo ukaja na mavumbi na karatasi za watu. Mapanga yakatetemeka. Mashine ikarudi nyuma ikagonga gari la mwalimu wa hesabu, na hapo ndipo akaacha kutazama saa. Helisi haikuzunguka. Injinia alisubiri. Alisubiri mpaka nikamwonea huruma, na sikuipenda huruma hiyo.

"Haya," akasema. "Weka ya kwako."

Arobaini na sita, kwenye alama ya chaki. Sikuwa hata nimeondoa mkono vizuri. Helisi ikaondoka, nzito, kisha nyepesi.

"Na ikishazunguka?" Mama Consolate akauliza kwa sauti juu ya upepo. "Utaiacha ivyo?"

"Apana, Madame! Pembe kubwa ni ya kuanza tu. Ikipata mwendo, naipunguza polepole."

Nikavuta mkono wa breki. Ikaanza kuimba. Matone ya kwanza yakaanguka, na nikaona dinamo italowa. Kabla sijapiga kelele, Injinia Gélase alivua koti lake la suti na kuifunika dinamo, akainama pale akilowa mgongo mzima, tai yake ikiwa karibu kunaswa na gurudumu.

Taa ikawaka.

"Yemwe!" Mama Consolate akasema kwa Kirundi, akipiga makofi. Loïc akapiga mayowe. Baba alifuta uso kwa mkono wa kanzu, akasema ni mvua.

Kisha tukaingia ndani, na mvua iliyokuwa nje ilikuwa nafuu. Majaji walitoka kujadiliana, wakarudi. Injinia ndiye aliyezungumza, nywele zikimchuruzika maji.

"Kazi ni nzuri. Tunakupa grande distinction, ile ya juu. Utatoa tu ule ukurasa wa 12 mbele ya kuiweka mu maktaba. Aina maana kuaibisha chuo."

Nilijua maneno hayo yanakuja, nikawa nimeyaandalia hotuba. Hotuba yote ikapotea. Nikabaki na ukweli tu.

"Injinia, ukurasa wa 12 ni kosa yako. Wa 13 ni kosa yangu. Ukitoa yako, utoe na yangu. Na ukitoa yote mbili, mwaka kesho mwengine atakuja kukosea vilevile, ju akuna mwenye alimwambia."

"Basi toa yote."

"Apana."

"Mademoiselle, unajua unakataa nini?"

"Najua. Nipeni ile yenye mtanipa. Kurasa zinabaki."

Mama Consolate aliinua mkono, wakateta tena, safari hii mbele yangu, kwa Kirundi na Kifaransa, sauti ya mama ikiwa juu. Alinitetea kama mzazi. Hakushinda. Wamenipa satisfaction, daraja la chini kabisa la kufaulu, kwa "ukosefu wa heshima kwa wakubwa". Kurasa zimebaki zote mbili.

Tulipofika avenue ya tisa Baba akasema, "Satisfaction maana yake nini?"

"Kuridhika, Baba."

"Mi nimerizika."

Alhamisi, 22 Mei

Mvua zimekwisha. Ziwa limelala, vumbi limerudi, na mashine iko gerejini, Baba ametundika mikanda kwenye mapanga yake kwa sababu pembe za ng'ombe zimejaa.

Loïc amenitumia picha kutoka maktaba ya chuo. Ni silabasi, ukurasa wa 31. Ile sifuri imekatwa kwa kalamu nyekundu, na pembeni, kwa mwandiko ninaoujua vizuri kwa sababu umenikosoa miaka minne, imeandikwa 46. Chini yake, Injinia ambaye hajawahi kuandika Kiswahili hata kwenye ubao, ameandika: *Pembe ya wapi? Ya robo tatu.*

Nimeisoma mara nyingi. Nimemcheka, kisha nimempenda kidogo, mzee yule na koti lake lililoharibika.

Jina langu hakuliandika. Kesho baada ya sala ya Ijumaa nakwenda maktaba na kalamu yangu.